Naomba ushauri: mtoto wa miaka minne na mdogo wake hawamalizi jioni bila ugomvi

MamaWawili

Wazazi wenzangu, habari zenu. Ninaleta kwenu jambo linalotutatiza nyumbani, nami nitashukuru kwa ushauri wa yeyote aliyelipitia au mwenye ujuzi nalo. Tumejaliwa watoto wawili. Kifungua mimba wetu ni mvulana wa miaka minne ambaye ameanza chekechea, na mdogo wake ni msichana ambaye atatimiza miaka miwili miezi michache ijayo. Asubuhi hupita kwa amani kwa kuwa kila mmoja ana shughuli yake, lakini tangu kaka mtu anaporudi hadi wanapolala, nyumba nzima huwa ni vilio.

Kaka anapenda kujenga kwa vibao vya kuchezea. Hukaa chini akapanga kimoja juu ya kingine kwa utulivu ambao hunifurahisha kuutazama, na kabla hajamaliza, mdogo wake huja mbio akabomoa vyote. Kaka humsukuma, dada huanguka na kulia, na pengine huinuka akamng'ata mkono. Nikimnyanyua mdogo ili nimbembeleze, mkubwa hununa na kutaka naye abebwe, na siku hizi anadai hata kunywea kikombe cha mdogo wake. Ameanza pia kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha kwa muda mrefu. Lililonichoma zaidi ni swali aliloniuliza juzi nilipokuwa nikimbadilisha mdogo wake nepi: alitaka kujua huyu mtoto atarudishwa lini alikotoka.

Mimi na baba yao tunatofautiana. Yeye anaona kwamba mkubwa ndiye mwenye akili ya kuelewa, kwa hiyo ndiye afundishwe kumwachia mwenzake. Mimi naona kwamba ni huyo huyo anayeambiwa subiri, nyamaza, mwachie, jioni nzima, na ninahofu asije akaamini kwamba mdogo wake amemnyang'anya wazazi. Je, ni sahihi kumlazimisha atoe vitu vyake? Wakigombana niamue vipi? Na huku kukojoa ni ugonjwa au ni wivu?

BabaWatatu

Dada, pole na kazi ya malezi. Katika hili naegemea upande wa shemeji, ingawa si kwa yote. Mtoto wa miaka minne anajua kwamba kumsukuma mwenzake kunaumiza, na asipoelezwa mapema ataendelea kuzitumia vibaya nguvu zake hata akienda shule. Nyumbani kwetu tuna kanuni moja isiyobadilika, kwamba hakuna anayempiga mwenzake, awe mkubwa au mdogo, awe amechokozwa au hakuchokozwa. Kuhusu vitu vya kuchezea, nadhani mtoto akizoea kutoa angali mdogo, kutoa hakutamwia vigumu ukubwani.

MwalimuWaAwali

Ninafundisha watoto wa umri wa mwanao, na naomba tumtazame kwanza huyo anayeitwa mkubwa. Ana miaka minne. Kama angekuwa peke yake nyumbani, kila mtu angemwona kuwa ni mtoto mdogo kabisa. Ukubwa wake umetokana tu na kuwa karibu na aliye mdogo zaidi. Uwezo wa kujizuia, wa kungoja na wa kuliona jambo kama mwenzake anavyoliona ndiyo kwanza unachipuka katika umri huo, tena hupungua sana jioni mtoto anapokuwa amechoka na ana njaa. Saa zote alizokuwa chekechea alikuwa akifuata maagizo, akingoja zamu na kuwavumilia wenzake, hivyo anapofika nyumbani uvumilivu wake mdogo umekwisha kutumika, na hapo ndipo tunapomdai mwingine.

Mdogo naye hana ubaya. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hubomoa kwa sababu vibao vikianguka hutoa kishindo, hutawanyika kila upande, na kaka yake, ambaye ndiye anayemvutia kuliko kitu chochote mle ndani, hugeuka kumtazama. Hajajua bado kwamba kazi ile ni ya mtu na kwamba imechukua muda. Mtafiti Mildred Parten, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1932 kuhusu uchezaji wa watoto ambao hawajaanza shule, alieleza namna ya uchezaji ambayo watoto hukaa bega kwa bega, kila mmoja akicheza lake, na akaitofautisha na ile ya kushirikiana katika mchezo mmoja wenye lengo moja, ambayo huonekana zaidi kadiri umri unavyosonga. Watoto wako wanaishi katika nyakati mbili tofauti za kucheza, na ndiyo sababu kuwataka washirikiane kwa muda mrefu huzaa ugomvi hata pale ambapo wote wawili wana nia njema.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana, usimlazimishe. Mtoto anayenyang'anywa kitu ili apewe anayelia hajifunzi ukarimu, bali hujifunza kwamba kitu ni cha mwenye sauti kubwa, na kesho naye atalia kwa nguvu zaidi. Anayehakikishiwa kwamba atamaliza kwanza, huachilia mwenyewe, na mara nyingi huachilia mapema kuliko tulivyodhani. Mwambie kwamba akimaliza atampa mdogo wake, kisha kazi ya kungoja iwe yako wewe na huyo mdogo: mnyanyue, mwoneshe kingine, mvumilie akilia. Kilio hicho si adhabu. Anajifunza kwamba kuna wakati wa kukosa, na anajifunza akiwa mikononi mwako.

Mpe kaka mahali pake pa kujengea, juu ya meza ambayo mdogo haifikii au nyuma ya kizuizi anachoweza kukivuka yeye peke yake. Vipo vitu vichache anavyovipenda kupita vyote. Hivyo viwe vyake kabisa, viwekwe juu, na mdogo naye awe na vyake ambavyo kaka havigusi bila ruhusa. Halafu tengeni dakika chache za kubomoa: kaka ajenge kwa makusudi, mdogo aangushe, wacheke wote. Nimeona watoto wengi wakiupenda mchezo huu kwa sababu kila mmoja anafanya kile ambacho umri wake unamtuma afanye.

Kuhusu kuamua, mara nyingi mzazi huona tendo la mwisho tu, na mwenye kutenda la mwisho huwa ni mkubwa kwa kuwa ndiye mwenye nguvu. Usitafute mwenye kosa pale ambapo hukuona mwanzo. Ikiwa ni kelele tu na hakuna anayeumia, ngoja kidogo uone kama watamalizana. Mkono ukiinuliwa, ushike kabla haujatua, na useme kwa sauti ya kawaida: "Sitakuacha umpige. Umekasirika kwa sababu amebomoa ulichokijenga." Hapo umezuia tendo bila kuikana hasira yake. Ndugu BabaWatatu, kanuni yako naiunga mkono bila shaka yoyote. Tunachotofautiana ni kudhani kwamba mtoto wa miaka minne ataishika mwenyewe bila mtu mzima kukaa karibu.

Mdogo akimng'ata kaka yake, mwelekee kwanza aliyeumia, kisha umwambie mdogo kwa maneno machache kwamba hatung'ati, inauma. Umri huo hasira huja kabla ya maneno, hivyo mfundishe neno moja au ishara ya mkono ya kuomba, na mpe sifa anapoitumia. Wako watu wazima wanaomng'ata mtoto kidogo ili aonje maumivu. Usifanye hivyo, kwa kuwa atajifunza kwamba hata wakubwa hung'ata.

MuuguziWaWatoto

Nitajibu hasa swali la kukojoa kitandani. Katika umri wa miaka minne watoto wengi bado hukojoa usiku, na kwa kawaida wataalamu wa afya hawauhesabu kuwa ni tatizo la kitiba kabla ya miaka mitano. Mtoto aliyekuwa ameacha anaweza kurudia anapopata mabadiliko kama kuanza shule, kuhama nyumba au kushindania nafasi kwa wazazi, na mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe asipokaripiwa wala kuaibishwa mbele ya wengine. Hata hivyo, nakuomba usimalizie kwenye wivu bila kuangalia mwili. Akilalamika maumivu anapokojoa, akipata homa, akikojoa mara nyingi hata mchana, akiwa na kiu isiyo ya kawaida, akipungua uzito au akipata choo kigumu kwa shida, mpeleke kituo cha afya. Kiu kali pamoja na mkojo mwingi na kupungua uzito vinaweza kuwa dalili za kisukari, hivyo kwa dalili hizo aonwe siku hiyo hiyo.

Jambo la pili linahusu meza aliyoitaja mwalimu, ambayo mimi naipenda kwa sababu ya usalama pia. Vifaa vya kuchezea vya mtoto wa miaka minne mara nyingi huwa na vipande vidogo vinavyoweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Cha hatari zaidi ni betri ndogo za mviringo na sumaku ndogo. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza nyama za ndani kwa kiwango kikubwa ndani ya saa mbili, hata mtoto akionekana hana shida kubwa, kwa hiyo ukishuku tu kwamba ameimeza, mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

MamaWawili

Nawashukuru sana. Hana kiu wala maumivu, lakini choo chake kweli ni kigumu siku hizi, jambo ambalo sikulihusisha kabisa na mkojo, nitampeleka akaonwe. Mwalimu, maneno yako nimemsomea baba yao, naye amekubali kuhusu meza, ingawa bado anaona kwamba kumbeba mtoto wa miaka minne na kumpa kikombe cha mdogo wake ni kumdekeza. Tena baba yao hurudi usiku watoto wakiwa wanakaribia kulala, hivyo jioni niko peke yangu na mikono miwili tu. Ninaanzia wapi?

BibiMlezi

Mwanangu, nimelea wangu na sasa ninalea wajukuu. Anza na mlango. Kijana wako anapoingia, mdogo akae kando kidogo, na wewe ukae chini umpokee, umpakate, usimuulize maswali ya chekechea wala usimpe kazi yoyote mpaka atulie. Hata dakika kumi zinatosha, mradi zije kila siku na zisikatizwe na simu. Baada ya hapo mpe chakula mapema, maana nusu ya ugomvi wa jioni ni njaa.

Akitaka kuwa mtoto mchanga, mwache awe. Akitaka kikombe, mpe anywe, akitaka kubembelezwa, mbembeleze. Anauliza kama nafasi yake bado ipo, na akijibiwa kwamba ipo, atarudi mwenyewe kukimbia na kujenga. Kudekeza ni kumpa mtoto kila anachotaka ili asikusumbue; kumpakata anayekuhitaji si huko. Mwambie baba yao kwamba haya yamesemwa na bibi.

Na lile swali la kurudishwa usilikemee. Usimwambie kwamba ni vibaya, wala kwamba anampenda mdogo wake ila hajui, kwa sababu yeye anajua anachokisikia moyoni. Mwambie: "Mtoto harudishwi, ni wetu kama wewe ulivyo wetu. Naona umechoka naye. Njoo unieleze alichokufanyia." Umsikilize mpaka mwisho. Kisha siku nyingine mwoneshe jinsi mdogo wake anavyochangamka akimwona yeye, kwa kuwa hilo ni kweli na yeye anaweza kuliona kwa macho yake.

Kazi za kusaidia mpe, aipendayo na ya muda mfupi, lakini usimfanye yaya. Mtoto asiyeweza kujilinda mwenyewe hawezi kukabidhiwa ulinzi wa mwingine.

BabaWatatu

Shikamoo bibi. Hilo la yaya limenigusa, nami nalikubali. Shemeji akifika usiku, nashauri amchukue mkubwa peke yake, amwogeshe au amsimulie hadithi, badala ya wote wawili kumgombania mama. Kwetu hilo lilipunguza vilio kuliko karipio lolote.

BibiMlezi

Marahaba, mwanangu.

MamaWawili

Shikamoo bibi, na asante. Nimebakiwa na swali moja. Mdogo hulala mchana hadi jioni, kisha usiku hataki kulala, na kaka yake ambaye halali tena mchana huwa anasinzia tangu jioni lakini hapati usingizi kwa sababu ya kelele za mwenzake. Je, nimwondolee mdogo usingizi wa mchana?

MuuguziWaWatoto

Usimwondolee, bado anauhitaji. Usogeze tu uanze mapema zaidi, na umwamshe taratibu kabla ya jioni kuingia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa watoto wa mwaka mmoja na miwili, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne. Kwa hiyo kaka asiyelala mchana inampasa alale mapema usiku. Mwongozo huo pia hautaki mtoto wa mwaka mmoja aketishwe mbele ya skrini, na kwa wa miaka miwili hadi minne unaweka kikomo cha saa moja kwa siku, hivyo zima televisheni na simu muda mrefu kabla ya kulala, hata kama ndizo zinazokupa nafasi ya kupika. Mlaze kaka kwanza ikiwezekana, na mdogo akae na wewe chumba kingine hadi mkubwa ashikwe na usingizi. Ukilazimika kuwalaza pamoja, fuata mpangilio ule ule kila usiku, kuoga, hadithi fupi, taa kupunguzwa, na ukae baina yao mpaka mmoja alale. Mabadiliko ya usingizi huchukua muda kwa watoto wa umri huu, hivyo upe mpangilio huo wiki kadhaa kabla hujaubadilisha.