Asilimia 6 ilifutwa 2021, hii 15 inangoja nini? Serikali itupunguzie mzigo wa mikopo ya chuo

Wakuu salaam.

Nina hasira, na naomba mnisome mpaka chini kabla hamjaniandikia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hilo nalijua, na sijaja hapa kusema tusilipe. Nimekuja kusema namna tunavyolipishwa inatuua, na Serikali inaweza kulibadilisha hilo kesho ikiamua.

Tuanze na hesabu. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, ni 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Chama cha walimu asilimia 2, ni 16,000. Kodi ya mapato, ukishatoa ule mchango wa pensheni, inakuja 68,000. Halafu mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15: shilingi 120,000. Hakuna mstari mwingine kwenye slipu unaoukaribia. Ni mara tatu ya pensheni yake, na unakaribia mara mbili ya kodi. Huyo mwalimu anabaki na 532,000, hajalipa chumba, hajanunua gesi, hajatuma chochote kijijini kwa waliouza mbuzi ili afike hapo alipo.

Na kinachonikera zaidi ni hiki: hiyo 15 inakatwa kwenye mshahara wote wa msingi, kuanzia shilingi ya kwanza. Hata TRA, mamlaka ya mapato, wana kiwango cha chini. Shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi haziguswi na kodi. Mkopo hauna kiwango hicho. Anayelipwa laki nne kwenye shule binafsi anakatwa 60,000. Anayelipwa milioni nne anakatwa asilimia ileile. Yule wa milioni nne atalalamika kidogo na kuendelea na maisha. Huyu wa laki nne ameshapoteza pango la mwezi mzima, na mnajua wenyewe vyumba vya Dodoma vilivyopanda tangu Serikali ihamie huku.

Sasa tukumbushane historia, maana kuna vijana humu wanadhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Sisi tuliosoma kabla ya 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Hicho ndicho tulichokuwa tunakijua tukisaini zile fomu, mdhamini pembeni, muhuri wa mwanasheria chini. Tukala bumu letu, ile posho ya kujikimu, la 8,500 kwa siku, tukamaliza. Mwaka 2016 Bunge, hapa hapa Dodoma, likabadilisha sheria na asilimia 8 ikawa 15. Haikuwa kwa watakaokopa kuanzia siku hiyo. Ilikuwa kwa wote, hata waliokwisha kumaliza chuo na kuanza kulipa. Nani mwingine katika nchi hii anakopesha, halafu anabadilisha masharti katikati ya safari na aliyekopa hana pa kusemea? Benki ikifanya hivyo tutaipeleka mahakamani.

Juu yake kulikuwa na ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa anayechelewa kuanza kulipa. Watu walikuwa wanakatwa kila mwezi, wakiomba taarifa wanakuta deni halishuki. Siku ya Mei Mosi 2021 pale Mwanza, Rais Samia akatangaza kuifuta hiyo asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Nashukuru kwa dhati kabisa, kwa sababu niliona tofauti kwenye deni langu mwenyewe. Lakini tukio hilo ndilo linalonipa nguvu ya kuandika leo. Miaka yote tulikuwa tunaambiwa tozo zile zikiondolewa mfuko wa mikopo utakufa, wadogo zetu watakosa mikopo. Ziliondolewa. Mfuko haukufa. Bajeti ya mikopo kwa 2024/25 ilikuwa shilingi bilioni 787. Kwa hiyo mtu asinitishe tena na hadithi ya mfuko kufa.

Nije kwa waajiri. Kabla sijaingia serikalini nilifundisha shule moja binafsi mjini hapa, jina naliacha. Kila mwezi kwenye karatasi ya malipo palikuwa na mstari wa mkopo, fedha imetoka. Nilipokuja kuomba taarifa ya deni nikakuta makato ya zaidi ya mwaka mzima hayakufika. Nikaenda kwa mhasibu, akaniambia, "Mwalimu, hilo kaongee na mkurugenzi." Mkurugenzi akaniambia wazazi hawajalipa ada, shule ina hali ngumu, nivumilie. Nivumilie nini? Fedha ilishatoka kwangu! Na wakati huo ile asilimia 6 bado ipo, kwa hiyo deni lilikuwa linanenepa juu ya fedha niliyokwisha kukatwa. Sheria inasema mwajiri wa namna hiyo ana kosa na anastahili adhabu. Sawa. Lakini aliyebaki na deni kwenye kumbukumbu ni mimi, na niliyehangaika na makaratasi kuthibitisha ni mimi.

Halafu kuna hawa ambao hawajapata hata huyo mwajiri mbaya. Nenda stendi ya Nanenane alfajiri siku ambazo Sekretarieti ya Ajira ina usaili. Utawaona wamekaa juu ya mabegi wanabadilisha viatu, bahasha za kaki mapajani, wanauliza gari za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, zinapakia wapi. Wametoka Kigoma, Mtwara, Bukoba. Nauli wamekopa. Sasa hivi mpaka walimu wanapita kwenye usaili. Wengi wao walishamaliza chuo zaidi ya miaka miwili iliyopita, maana yake kisheria muda wao wa kusubiri umekwisha na wanatakiwa wawe wanalipa. Walipe na nini? Aliyejiajiri anatakiwa kutoa shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Namjua kijana ana shahada, anauza zabibu na nyanya soko la Majengo. Msimu wa zabibu ukiisha, kuna wiki haingizi hata mtaji. Laki moja kila mwezi anaitoa kwenye beseni gani?

Na jambo ambalo viongozi hawalisemi hadharani ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Utaratibu unataka mtumishi abakiwe na theluthi ya mshahara wake. Ni utaratibu mzuri. Lakini mkopo wa chuo ukishameza 15, pamoja na makato mengine, nafasi ya kukopa benki inabaki nyembamba. Mtoto akiugua, au mzazi akifariki na msiba ni wako, benki wanakwambia hufikii kiwango. Unakwenda kwa wale wenye meza nyuma ya duka la simu. Mkopeshaji anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, anaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi anatoa yeye kwanza, wewe unapewa kinachobaki. Kuna mwenzangu wa wilaya jirani hajashika kadi yake mwenyewe kwa muda mrefu sana. Anaingia darasani saa moja na nusu asubuhi, anafundisha vizuri, na mshahara wake uko kwenye droo ya mtu.

Madai yangu hayahitaji tume wala semina elekezi. Asilimia irudi 8, hasa kwa sisi tulioingia nayo. Kiwekwe kiwango cha mshahara ambacho chini yake hukatwi kabisa, kama ilivyo kwenye kodi. Asiye na ajira asihesabiwe kuwa mdaiwa sugu kabla hajapata kipato. Fedha iliyokatwa na mwajiri ihesabiwe imelipwa siku ilipotoka kwa mfanyakazi, na Serikali imdai huyo mwajiri yenyewe. Na anayefundisha au kutibu watu kule ambako wengine wanaomba uhamisho kila mwaka, vijiji vya ndani huko Chemba, Mpwapwa, Manyoni, miaka yake ya kazi ipunguze deni. Marekani tangu 2007 wana sheria kwamba mtumishi wa umma akilipa marejesho 120 ya kila mwezi, deni lililobaki linafutwa. Australia mwaka 2025 bunge lao limepitisha kupunguza asilimia 20 ya madeni ya wanafunzi kwa mkupuo. Sisi ndio wenye uhaba wa walimu wa sayansi na wauguzi vijijini, tungepaswa kuwa mbele yao.

Mtaniambia fedha zitoke wapi. Mei Mosi 2025, uwanja wa Bombadia pale Singida, kima cha chini serikalini kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Tulishangilia. Fedha zilitafutwa na zikapatikana kwa sababu waliona watu wanateseka. Na nyongeza yoyote anayopewa mwenye mkopo, 15 yake inarudi kukatwa palepale. Hilo nalo walione.

Bunge la bajeti linaanza Aprili, na jengo liko hapa mjini. Waliokatwa humu naomba muandike: mlianza kulipa mwaka gani, deni lilikuwa kiasi gani, sasa limebaki kiasi gani, na kama mwajiri alikata asipeleke. Msiweke majina wala namba zenu. Nitayakusanya yote niyapeleke kwa mbunge wetu kwa maandishi, na nitaweka hapa nakala ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wenye wabunge wa majimbo mengine fanyeni hivyohivyo.

Nawasilisha.