Faili la matibabu ya India linatakiwa mahakamani, naanzia wapi?

Kaka Mkubwa Moro
Habari wakuu. Mdogo wangu aligongwa na lori akiwa abiria kwenye bodaboda, akaumia uti wa mgongo pale shingoni, tukachangishana ukoo mzima mpaka akaenda kufanyiwa oparesheni Chennai. Kesi ya fidia tumefungua, sasa upande wa pili wanasema karatasi zetu ni kopi tu hazipokelewi. Tulichonacho ni ripoti ya kuruhusiwa imechanika kwenye mkunjo, tena palepale palipoandikwa oparesheni aliyofanyiwa, na sidii ya emarai (picha za ndani za shingo) iliyogoma kufunguka. Hospitali nimewaandikia imeili mara tatu kimya, na mwezi huu anatimiza miaka miwili na nusu tangu alazwe. Nisaidieni jamani, dogo ana miaka 24.

Mama Wawili
Pole sana kaka angu. Mie nilihangaika hivyohivyo kwa ajili ya baba. Ile imeili ya wagonjwa wa nje ya nchi achana nayo, andikia idara ya kumbukumbu za matibabu moja kwa moja, weka namba ya faili (ipo juu kwenye ripoti), tarehe ya kulazwa na kutoka, kopi ya pasipoti na barua ya mgonjwa MWENYEWE. Mimi nilisaini badala ya baba, wakanizungusha miezi miwili.

Wakili wa Pwani
Mkuu usilale. Kanuni za maadili ya madaktari wa India za 2002 zinawataka watunze kumbukumbu za aliyelazwa miaka 3 tangu matibabu yaanze, na mgonjwa akiomba apewe ndani ya saa 72, itaje hiyo kwenye barua. Omba kila ukurasa ugongwe muhuri, afu zipite kwa notari wa huko (anayethibitisha nyaraka), wizara yao ya mambo ya nje na ubalozi wetu New Delhi, inapunguza ubishi sana. Na sio kweli kwamba kopi haipokelewi kabisa, Sheria yetu ya Ushahidi ya hapa Tanzania inairuhusu ukionyesha nakala halisi iko kwa mtu ambaye amri ya mahakama haimfikii.

Ila muhuri haujibu maswali, daktari ndio anajibu. Wakili wenu aombe daktari huyo asikilizwe kwa video akiwa hukohuko, kanuni za mahakama zetu za 2021 zinaruhusu. Na bili yenye mchanganuo muombe pia, maana hela mliyotumia lazima mthibitishe shilingi kwa shilingi, Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992.

Kaka Mkubwa Moro
Mungu awabariki. Shida vidole vyake havishiki kalamu, dole gumba litafaa?

Wakili wa Pwani
Linafaa. Asomewe barua yote mbele ya kamishna wa viapo, naye aandike kwamba amemsomea na ameelewa.

Kaka Mkubwa Moro
Sawa mkuu, kesho asubuhi nampeleka na kiti chake cha magurudumu.