Kabeba juisi ya mke wangu!! Nungwi sirudi tena

Wakuu leo sisalimii, salamu nitaleta nikishapoa. Naandika niko ndani ya daladala 116, tunatoka Nungwi huku kaskazini ya Unguja tunarudi mjini, mke wangu kageukia dirishani hataki hata kuongea, chumba tulishalipia usiku wa pili tumekiacha hivyo hivyo.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye mgahawa wa makuti pale mchangani, ukienda kwa miguu kuelekea Kendwa lazima umpite. Kila aliyekanyaga Nungwi keshamlilia.

Tumefika saa saba mchana hakuna mteja hata mmoja, paka tu. Tukakaa meza ya mbele kabisa, ile maji yakijaa yanakulamba vidole. Tukaagiza changu wa kupaka, wali wa nazi, juisi mbili za ukwaju. Juisi imekuja baada ya dakika arobaini, tukasema sawa tuko likizo. Samaki sasa! Saa nzima na ushee hakuna samaki, ningeazima ngalawa nikavue mwenyewe ningekuwa nimeshakula, nimelala na nimeamka.

Mara ikaingia boti ya watalii wametoka kuzamia kisiwa cha Mnemba, watu kama kumi, wengine bado wana maboya shingoni. Yule bwana akatoka jikoni ANAKIMBIA, muda wote ule alikuwa anajikokota kama kobe wa kisiwa cha Changuu, akaja moja kwa moja mezani kwetu. Hakusema samahani, hakusema kaka naomba, akabeba juisi ya mke wangu. Glasi iko nusu, mke wangu anakunywa, yaani ANAKUNYWA, jamaa kavuta glasi mrija umebaki mdomoni kwa mtu! Akaenda kuiweka meza ya nyuma kabisa, kati ya choo na jenereta, akasema "hapa kuna wageni".

Kuna wageni. Mimi nimetoka Dar na boti ya asubuhi, kusi limetukung'uta njia nzima watu wanatapika kwenye mifuko, mimi kwa hiyo ni nani, dagaa? Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimekuja, juisi ikaondoka.

Chumba hata sitaki kukiongelea. Picha ilionyesha bahari, dirisha linaangalia tangi, bomba linatoa maji ya chumvi unajisugua mpaka magharibi sabuni haitoi povu, chandarua kina tundu popo anapita na familia yake. Hayo yote nilikuwa nimesamehe. Lakini mrija umebaki mdomoni jamani! Mtu mzima, mke wa mtu, kakaa na mrija mkavu mdomoni watu wanamwangalia!

Na samaki alipokuja siyo changu ni tasi, nikiuliza naambiwa ndiye huyo huyo. Bili ikaja mbio kuliko chakula chote, juisi zimeandikwa tatu. TATU. Ile aliyoihamisha kaihesabu mara mbili.

Nauliza, Unguja hii mtu analala wapi na anakula wapi bila kunyang'anywa glasi mdomoni?

Mchokozi wa Zamu: Uzi bila picha ya mrija ni batili. Halafu mkuu swali dogo, juisi ilipobebwa mlibaki mbele au mliifuata?

Mleta uzi: Tuliifuata, ilikuwa yetu! Wewe ungeiacha?

Mchokozi wa Zamu: WALIIFUATA 😂😂 jamaa kahamisha familia nzima kwa glasi moja

Bi Mkubwa: Mie mtu wa huku huku, huyo hata sie wenyeji hutuuliza mna miadi. Pole mwanangu. Lakini na nyie mna nini na mchangani? Ingieni kijijini, nyuma kule wanakochonga majahazi, kuna kina mama wanapika wali na pweza wa nazi, saa saba umekaa saa saba na robo ushashiba.

Baba Wawili: Afadhali wewe umenyang'anywa juisi, mimi Paje nimenyang'anywa bahari. Picha inaonyesha maji mpaka mlangoni, nimefika saa nne asubuhi bahari haipo, tunatembea na watoto na maboya yao katikati ya mashamba ya mwani, namuuliza dada wa mapokezi bahari iko wapi ananiambia itarudi jioni

Nahodha Mstaafu: Hilo siyo kosa la hoteli. Paje, Bwejuu, Jambiani, upande wote wa mashariki maji yakikupwa yanaenda mbali, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo kabisa. Ukitaka kuogelea saa yoyote nenda Nungwi au Kendwa. Angalia mwezi kabla hujalipia chumba.

Baba Wawili: Nimelipia chumba halafu niangalie mwezi? Mimi mnajimu?

Mleta uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. Mrija!

Tumbo Halina Likizo: Huyo ananyang'anya glasi, Forodhani pale mjini, kwenye vyakula vya usiku, wananyang'anya mshahara. Nimenyoosha kidole tu kuuliza yule ni kamba gani, kumbe nimeshaagiza, keshawekwa motoni. Uliza bei kwanza ndugu zangu. Mimi sasa pale nakula urojo, nakunywa juisi ya miwa ya tangawizi, na ile pizza, naondoka.

Bi Mkubwa: Pizza! Ule mkate wa kima mmeupa jina la kitalii basi ushakuwa pizza.

Mchokozi wa Zamu: Urojo wa Forodhani siku hizi maji matupu, ukali hamna

Bi Mkubwa: Kwa sababu hawatii embe mbichi. Urojo bila embe ni uji.

Nahodha Mstaafu: Ukwaju unatosha bibie.

Bi Mkubwa: Ukwaju! We baba kakuzaa nani?

Mleta uzi: Jamani tumeshuka mjini tuna mabegi, mtu anijibu basi leo tunalala wapi?

Tumbo Halina Likizo: Uko mjini? Safi sana. Pita Forodhani onja urojo utuambie, embe au ukwaju?