Mdahalo wa Kiingereza Kidato cha Pili: wanaongea wanne, sitini wanapiga makofi

Mwl_Mikindani
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina Kidato cha Pili, wanafunzi 64. Mada ya kutoa maoni ubaoni inakwenda vizuri: wananakili "I agree", "I disagree", zoezi wanapata. Nikiitisha mdahalo wanasimama wale wale wanne na karatasi waliyokariri, kuanzia "Honourable chairperson, timekeeper..." mpaka "thank you". Hakuna anayemjibu mwenzake. Nina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80 kwa wiki. Projekta hakuna, na kudurufu ni mpaka mitihani. Nianzie wapi?

ChakiMbili_Masasi
Mwalimu, huo mdahalo wa jukwaani uweke kando kwa wiki nne hivi. Unafundisha kuhutubia, haufundishi kujibizana. Mwanafunzi aliyepewa dakika tatu anamaliza moja kwenye salamu, na zilizobaki anasoma.

Mada nayo ina makosa yake. Elimu na fedha kipi bora, hoja zake zimeshazunguka kwenye madaftari ya kaka zao. Wape jambo ambalo sababu zake wanazo kichwani: korosho zibanguliwe huku huku kusini badala ya kwenda ghafi India na Vietnam. Mtoto wa Newala au Tandahimba hahitaji kufundishwa hoja hapo. Ajira anaijua, mnada anaujua, na anajua pia kwamba mzazi anataka fedha yake mapema, hawezi kungoja kiwanda. Anachokosa ni maneno. Andika sita tu: "raw", "process", "factory", "price", "buyer", "auction". Dakika 8 zinatosha. Yakizidi kumi, kalamu zinatoka na midomo inafungwa.

Kisha makundi ya wanne, dawati la mbele ligeukie la nyuma. Unapata makundi 16, wawili wanaunga mkono na wawili wanapinga. Ubaoni bakiza mistari minne:

I think ... because ...
For example, ...
You said ..., but ...
That is true, but ...

Mstari wa tatu ndio wa kusimamia kwa ukali. Mtu asijibu kabla hajarudia alichosema mwenzake. Asiyesikiliza hawezi kuujaza, na hapo ndipo karatasi ya kukariri inapokosa kazi.

Raundi ya kwanza kila mmoja sekunde 90, ya pili 60, ya tatu 45, hoja zikiwa zile zile. Mara ya kwanza watagugumia, ya tatu sentensi zinatoka. Kabla ya raundi ya tatu changanya makundi ili wasikilizaji wawe wapya. Zote tatu pamoja na kuhamahama ni kama dakika 20. Makelele yatakuwepo. Nusu ya darasa watoe chini ya mwembe, la sivyo mkuu wa shule atakuja kuchungulia.

Kiswahili_na_Kiingereza (Lindi)
Naongeza kwenye hatua ya kutafuta sababu. Waruhusu Kiswahili, lakini dakika 10 tu, ukiangalia saa, na kwenye daftari waandike maneno matatu au manne ya Kiingereza: "more jobs, no machines, late payment". Sentensi kamili marufuku. Akiandika sentensi ataisoma, na mmerudi jukwaani.

Halafu kuna makosa ambayo mengine chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe. Ukimwonyesha chanzo anaacha upesi kuliko ukimwekea alama nyekundu:

"Although it is expensive, but..." Hii ni "ingawa... lakini". Sisi tunaweka viungo viwili, Kiingereza kinataka kimoja. Afute "but".

"Because there are no jobs, that's why..." Ni "kwa sababu... ndiyo maana". Dawa ni ile ile, abakize kimoja.

"I am agree." Mwambie "agree" ni kitendo, kama "nakubali". Hatusemi "mimi ni nakubali".

"According to me." Mwambie anachotaka kusema ni "kwa maoni yangu". "In my opinion", yatosha.

Jambo jingine ni adabu. Wengi hawapingi kwa sababu Kiingereza walichopewa cha kupinga ni "You are wrong", na kwa masikio yetu hilo ni tusi, hasa kwa aliyekuzidi umri. Waulize nyumbani wanapingaje. Watakwambia "sikatai, ila...", "hapo sawa, lakini...". Basi "That is true, but" ndiyo hiyo hiyo. Wakiuona ule mfanano, hata wapole wanafungua mdomo.

MtunzaMuda
Tatizo mtakalokutana nalo wiki ya pili: kwenye kila kundi mmoja anahodhi mazungumzo. Toa vizibo vya soda vitatu kwa kila mtu. Ukisema unaweka kimoja katikati ya dawati, vikiisha unanyamaza mpaka wenzako wamalize vyao. Kokoto pia zinafaa. Korosho ghafi hapana, mafuta ya ganda yanababua ngozi, na zilizokaangwa hazitafika mwisho wa kipindi.

Kusahihisha: usimkatize mtu akiongea. Pita na daftari, nakili makosa matano au sita bila majina, na dakika 10 za mwisho yaandike ubaoni warekebishe wenyewe. Anayekatizwa mara mbili hasemi tena muhula huo.

Alama nagawa hivi kwa 10: dai 1, sababu na mfano 3, kumjibu mwenzake 4, lugha 2. Mkiipa lugha 5 kama ilivyozoeleka, wale wanne wa karatasi watashinda kila siku. Pima makundi manne kwa wiki, baada ya wiki nne darasa zima limeisha.

Mwl_Mikindani
Asanteni sana. Lakini ninao kama wanane ambao hata hiyo mistari minne kuisoma ni shida. Hao nao wapewe vizibo?

ChakiMbili_Masasi
Wape, ila kazi yao wiki mbili za kwanza iwe kuuliza tu. Maswali matatu, wayashike kwa kusikia na kuitikia: "Why?", "Who will pay?", "How do you know?" Kila swali kizibo kimoja. Usiwaweke kundi moja, wasambaze mmoja mmoja. "Who will pay?" kwenye mada ya viwanda vya korosho ni swali linalowatoa jasho wale wanne wako. Wiki ya tatu muulizaji ajibu swali lake mwenyewe kwa "I think ... because".

MtunzaMuda
Na zile salamu za mwenyekiti zirudi wiki ya tano, sekunde 10, zisizidi.