Tupeane uzoefu: kipandikizi ulichokiamini kuliko vyote kilikufaje?

Mlinzi wa Dirisha
Wakuu, salaam. Leo asubuhi nilikuwa nikipanga upya vyungu vilivyokaa nyuma ya mlango, nikakuta kimoja bado kina kijiti kikavu chenye kibandiko cha mwandiko wangu mwenyewe: "Waridi jekundu, namba 7." Nilisimama hapo muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye kazi za kufanya.

Waridi hilo lilikuwa la jirani aliyehama. Mwenye nyumba mpya alitaka uwanja wa vigae, akanipa siku mbili nichukue ninachotaka kabla ya shina kung'olewa. Nilikata vipandikizi 12, kila kimoja urefu wa kalamu na vifundo vinne, nikaondoa majani ya chini, nikavichomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji, kisha nikavifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, kwa sababu kijiti kisicho na mizizi hupoteza maji kupitia majani na hakina njia ya kuyarudisha. Siku ya 9 vyote vilikuwa wima, na kimoja kilikuwa na chipukizi jekundu lenye ukubwa wa punje ya mchele. Siku ya 10 niliondoka mchana, nikasahau kwamba dirisha lile hupigwa na jua kuanzia saa nane. Niliporudi, mfuko ulikuwa umejaa mvuke, na ndani yake majani yalikuwa yamelegea na kubadilika rangi kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Nilikuwa nimevipika vyote 12, na shina mama lilikuwa limekwisha kung'olewa siku nane kabla.

Basi nawauliza wenzangu, mnaootesha ndani na mnaootesha nje: kile mlichokiamini kuliko vyote kilikufaje? Naomba tusiandike mafanikio hapa.

Asumini Tisa
Umenishika pabaya. Mfuko ule ule, jua lile lile. Vyangu vilikuwa tisa.

Pingili Tatu
Mimi sikuvipika, ila nilivikata mguu, na nilifanya hivyo mara mbili. Nilikuwa na vipandikizi vya rosemari katika mchanga, na kwa kuwa subira si sifa yangu, kila baada ya siku tatu nilikuwa nikichomoa kimoja nitazame chini yake. Karibu na siku ya 15 nikaona nundu nyeupe zimezunguka pale nilipokata. Nikasema huu ni uozo, nikachukua kisu, nikakata nusu inchi juu yake, nikavirudisha mchangani huku nikijisifu kwa kuwahi. Wiki mbili baadaye nundu zikarudi, nami nikakata tena. Kufikia hapo vijiti vilikuwa vifupi kama njiti za kiberiti, vikakauka kimoja baada ya kingine. Miezi mingi ilipita kabla sijaelezwa kwamba nundu ile ni kovu ambalo mmea hulitengeneza kuziba jeraha, na kwamba aghalabu mizizi hutokea hapo hapo au karibu nalo. Uozo ni mweusi au kahawia, unateleza, na unanuka. Nundu nyeupe ngumu haina harufu yoyote. Nilikuwa nikikata mlango ambao mizizi ilikuwa ikijiandaa kutokea.

Mzee wa Mchanga
Ndugu Pingili, kosa lako la kwanza ni kuchomoa. Subiri uone jani jipya, hapo utajua mizizi ipo.

Bogonvilia Mwitu
Kwa heshima zote, Mzee, jani jipya ni mwongo mkubwa. Nilikuwa na vijiti sita vya bogonvilia vyenye unene wa kidole gumba. Vyote vilitoa majani mazuri ndani ya wiki mbili, nikatangazia kila mtu, nikavihamishia kwenye vyungu vikubwa. Havikuwa na mzizi hata mmoja. Kijiti kigumu kina akiba ya chakula ndani yake, na kinaweza kuchipua kwa akiba hiyo hadi iishe, kisha kinakufa ghafla ukiwa umekwisha kukipa jina. Bora ukishike kwa vidole viwili na kukivuta juu kidogo sana, kikikataa, kimeshika.

Mzee wa Mchanga
Kwa hiyo dawa ya mtu aliyeua vipandikizi kwa kuvivuta ni kuvivuta?

Bogonvilia Mwitu
Kidogo, Mzee. Nimesema kidogo.

Maji Kwanza
Mizozo hii yote ingeisha kama mngeotesha ndani ya maji kwenye chupa ya kioo. Unaiona mizizi kwa macho yako, huvuti wala huchomoi. Mrihani wangu hutoa mizizi ndani ya siku 7 hadi 10, na ninachofanya ni kubadilisha maji tu.

Kitalu Kidogo
Na ukiuhamishia kwenye udongo, unalala. Mizizi iliyokulia majini ni milaini, inakatika kirahisi, na haijazoea kutafuta maji kati ya chembe za udongo. Nilipoteza vipandikizi 20 vya mrihani kwa ushauri kama huu. Vilikuwa na mizizi mirefu kama ndevu, nami nilidhani urefu ni nguvu.

Maji Kwanza
Uliichelewesha mwenyewe kisha unalaumu maji. Mzizi ukifika sentimita mbili au tatu, hamisha, na wiki ya kwanza udongo usikauke. Sioni maji yamekosa nini hapo.

Kitalu Kidogo
Uzi huu unahusu vilivyokufa. Hujatuambia chako kilichokufa.

Maji Kwanza
Sina.

Asumini Tisa
Haya, tumepata mtakatifu.

Mboji Mbichi
Mimi nina kisa kifupi cha aibu. Nilisoma mahali kwamba unga wa kuotesha mizizi una nguvu tofauti, nikaona nisijisumbue, nikanunua ule mkali kuliko yote, wenye asilimia 0.8 ya homoni ya mizizi, unaokusudiwa vijiti vigumu vya miti, nikauchovya kwenye vichwa laini vya jeraniamu, nikauacha ushike mzito kama unga kwenye andazi. Baada ya siku nne sehemu ya chini ilikuwa nyeusi tii. Mashina laini yanatosheka na asilimia 0.1, na jeraniamu hata hauhitaji unga. Unachotaka ni kuachwa saa kadhaa jeraha likauke kabla ya kuchomekwa.

Nyuki Mpole
Ndiyo maana mimi natumia asali. Ni homoni ya asili.

Kitalu Kidogo
Asali si homoni ya mizizi, ndugu yangu. Inaweza kuzuia baadhi ya vijidudu kwenye jeraha, lakini kinachouamrisha mmea utoe mizizi ni oksini, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye unga unaouzwa, tangu wanasayansi walipoifahamu katika miaka ya 1930.

Nyuki Mpole
Vyangu vinaota.

Kitalu Kidogo
Vingeota hata ungepaka mate.

Mnyaa Mrefu
Samahani kwa kuingilia, ila maneno "mashina laini" yamenikumbusha jambo ambalo sijalisimulia vizuri kwa mtu yeyote, na kila nikilifikiria jicho la kulia linawasha.

Nilitaka ua wa mnyaa. Kila mtu aliniambia hakuna mmea rahisi kama huo: unakata tawi, unaliacha siku chache likauke kidonda, unalichomeka, basi. Nilianza jioni, peke yangu, na panga na mkasi wa kupogolea, bila glavu wala miwani. Mnajua jinsi utomvu wake unavyotoka: mweupe kama maziwa, na hautoki kwa tone, unachuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilikata matawi 30. Jua lilikuwa limezama, nikawa natokwa na jasho, na jasho likateremka kwenye nyusi. Nikajifuta kwa mgongo wa mkono.

Kwa dakika chache za mwanzo sikuhisi kitu cha kutisha, mwasho tu. Nikamalizia kupanga matawi. Kisha maumivu yakaja, na sina mfano wake ila kusema ilikuwa kama mtu ameweka kaa la moto chini ya kope na kulifunga humo. Nilikwenda bombani kwa kupapasa. Nilipoinua kichwa, taa ya mlangoni ilikuwa duara la ukungu, na nilipoziba jicho la kushoto sikuona kabisa mkono wangu mwenyewe niliouweka mbele ya uso. Mke wangu ndiye aliyenishika kichwa chini ya maji, akanikataza kusugua, akaniweka hapo zaidi ya dakika 20 huku nikimwomba aache, halafu tukaenda hospitali. Huko waliosha tena, wakaweka tone la ganzi, daktari akaniambia sehemu ya mbele ya jicho imeungua na kwamba nishukuru niliosha. Siku tatu nilikaa chumba chenye giza. Kuona kulirudi polepole, kwanza rangi, kisha kingo za vitu, na ilichukua zaidi ya wiki kabla sijaweza kusoma.

Asumini Tisa
Subhanallah. Pole sana, kaka.

Nyuki Mpole
Nilisikia maziwa yanatuliza jicho lililoingiwa na utomvu.

Kitalu Kidogo
Nakuomba sana, ndugu Nyuki, usimshauri mtu yeyote aweke maziwa wala asali jichoni. Ni maji safi yanayotiririka, mengi, kwa muda mrefu, kisha daktari. Na miwani ya kukinga ivaliwe kabla ya mkasi kushikwa.

Bogonvilia Mwitu
Jamani, na wale wanaokata mnyaa na watoto wakiwa pembeni?

Mzee wa Mchanga
Mimi naishika kwa gazeti tu na sijawahi kudhurika.

Mnyaa Mrefu
Mzee, nami sikuwahi, hadi siku ile.

Mlinzi wa Dirisha
Pole, ndugu Mnyaa, kisa chako kimenifanya niache kuandika niende kunawa mikono. Ila kama mwanzilishi wa uzi nina wajibu wa kuuliza: vipandikizi vyenyewe vilikufaje?

Mnyaa Mrefu
Havikufa. Vyote 30 viliota. Sasa vimenizidi kimo.

Maji Kwanza
Basi na yeye ni mtakatifu.

Mkulima wa Kabatini
Niwarudishe kwenye mada. Mimi huotesha ndani, katika kabati nililoliondoa rafu na kufunga taa, saa 16 za mwanga kwa siku, joto halizidi nyuzi 24. Nilikuwa na vipandikizi vya nyanya, vile vichipukizi vinavyotoka kwenye kwapa la jani, 18 vyenye mizizi myeupe inayotokeza chini ya vikopo. Vilikuwa vya kijani kibichi kiasi kwamba wageni waligusa kuhakikisha si plastiki. Siku moja angavu nikavitoa vyote nje kwa pamoja, nikavipanda saa nne asubuhi, nikamwagilia, nikarudi ndani kula. Alasiri majani yalikuwa na madoa meupe kama karatasi iliyopaushwa, na kingo zimejikunja. Taa yangu, kwa majivuno yangu yote, haikuwa hata karibu na jua. Majani yaliyokulia kabatini hayajawahi kujikinga na kitu chochote, hata upepo. Sasa natumia siku 7 hadi 10: saa moja kivulini, kesho mbili, hadi vizoee. Viwili vilipona, lakini vilibaki vimedumaa msimu mzima.

Pingili Tatu
Ulihakikisha mama hakuwa na ugonjwa? Nauliza kwa sababu nyanya zilinifunza somo jingine. Shina nililolipenda lilikuwa na majani yenye mabaka ya kijani hafifu na kijani nzito, nami nikaona ni urembo. Nikachukua vipandikizi 40. Ilikuwa mozaiki, na nilikuwa nimechapisha nakala 40 za virusi. Kipandikizi ni mama yule yule, kwa uzuri wake na kwa maradhi yake. Ndiyo hatari ya nakala: ndizi za Gros Michel zilitawala biashara ya dunia hadi miaka ya 1950, kisha kuvu ya udongoni ikazimaliza mashambani kwa sababu migomba yote ilikuwa mmoja. Hiyo iliyoishika nafasi yake, Cavendish, nayo ni nakala.

Mboji Mbichi
Kumbe hata kisu kinabeba.

Pingili Tatu
Kisu, mkasi, hata vidole vya mvuta sigara, kwa mozaiki ya tumbaku.

Mzee wa Mchanga
Kwa kuwa mmeniandama, nitakiri langu. Mizabibu 10, vijiti vigumu, nilivichomeka nje kichwa chini miguu juu. Vikiwa havina majani huwezi kutofautisha kwa haraka. Kijiti kinakumbuka chini yake ni wapi hata ukikigeuza. Tangu siku hiyo nakata chini mkato ulionyooka na juu mkato wa mshazari, hata gizani nitajua.

Asumini Tisa
Mzee, kumi vyote?

Mzee wa Mchanga
Vyote. Na nilimwagilia miezi miwili.

Bogonvilia Mwitu
Mlinzi, nirudi kwenye waridi lako. Walipong'oa shina, waling'oa na mizizi yote?

Mlinzi wa Dirisha
Sikutaka kulisema kwa sababu nilikataza mafanikio. Wiki iliyopita nimeona chipukizi limetokeza kati ya vigae viwili karibu na ukuta. Nimeomba ruhusa, nimekata vijiti vitatu, viko kivulini, bila jua la saa nane.

Kitalu Kidogo
Usishangilie mapema. Mawaridi mengi yanayouzwa huwa yameunganishwa juu ya shina la waridi mwitu. Kilichochipua kutoka mzizini huenda ni lile la chini, na maua yake yatakuwa mengine kabisa.

Mlinzi wa Dirisha
Najua. Nitajua zaidi likichanua.

Bogonvilia Mwitu
Vyovyote iwavyo, usivivute.

Mlinzi wa Dirisha
Kimoja nimeshakivuta. Kidogo.