Tupeane uzoefu: uliyewahi kufuta mafaili ya ofisi ukiondoka kazini, kilikukuta nini?

Mwana Uyole: Wakuu, jirani yangu hapa Mbeya kaitwa polisi leo kisa kompyuta ya ofisi. Nimekumbuka yangu ya zamani, tumbo limenikata. Tiririkeni.

Mama Mbao: Nilikuwa karani yadi ya mbao, Mafinga. Saa nne asubuhi napewa barua ya kuachishwa, saa kumi niwe nimekabidhi. Nikasema ngoja nitoe picha za mwanangu na vyeti nilivyoskani. Kibodi imejaa vumbi la mbao, mkono unatetemeka kwa hasira na ile baridi ya Juni mnayoijua. Shift, Delete, Enter. Kumbe folda siyo! Rejista ya stoo yote, mbili kwa nne, mbili kwa sita, na madeni ya wateja mpaka wa Dar. Recycle Bin nyeupe. Nikanyamaza, nikakabidhi funguo.

Kesho yake bosi kapiga: "Umeniua." Akaenda polisi, mimi nikaenda CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Siku ya usuluhishi kaja na kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Msuluhishi akauliza nani mwingine anajua nywila. Kimya. Ilikuwa imebandikwa kwa karatasi pembeni ya skrini, hata dereva wa Fuso anaijua! Fundi alirudisha karibu yote kwa laki na nusu, kwa kuwa hakuna aliyeigusa mashine tangu siku ile. Nikalipwa notisi na likizo, yeye akaenda kumaliza polisi.

Parachichi Rungwe: Nywila kwenye skrini ni ofisi zote aisee.

Mnyalukolo: Dada usijisafishe. Ulinyamaza maana ulijua ulichofanya. Kifungu cha 7, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kufuta data bila ruhusa ni jinai. Una bahati.

Mama Mbao: Nimesema nilikosea folda. Unasoma kwa macho au kwa pua?

Parachichi Rungwe: Mnyalukolo povu la nini, au ndiye bosi mwenyewe?

Mnyalukolo: Nina duka la vipuri hapa Ipogolo. Kijana alinifutia hesabu za miezi minane. Acheni.

Kijana wa Kabwe: Ushauri: nakilini kila kitu kwenye flashi kabla ya kuondoka.

Mwana Uyole: Weee! Ukikutwa na nyaraka za ofisi kwenye flashi umejipeleka mwenyewe. Andika makabidhiano, mtu asaini. Na CMA ukiachishwa una siku 30, usisubiri mavuno.

Msafiri Tunduma: Hizo za kwenu ndogo. Sisi mhasibu alifuta leja usiku wa kuamkia ukaguzi, akavuka mpaka. Asubuhi mke wa bosi kaja na nakala zote. Tukajiuliza, kazipata wapi?

Parachichi Rungwe: 😳 Kazipata wapi?

Mama Mbao: Malizia mkuu!

Kijana wa Kabwe: Mhasibu na mke wa bosi…?

Mnyalukolo: Na mimi nasubiri.

Msafiri Tunduma: Nipo kwenye basi, chaji asilimia mbili. Nikifika Makambako