Jibu: Kuwasilisha ritani ya kodi mapema, au kungoja Aprili?

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu nyingi kwa wenzangu wote wa rika langu.

Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Ohio, na ni mara ya kwanza ninataka kuelewa mwenyewe ritani yangu ya kodi kabla sijaitia sahihi. Ninahudumia wazee katika kituo cha matunzo, na mwisho wa wiki ninapeleka vyakula kwa gari langu kupitia programu ya simu. Mume wangu bado yuko Morogoro, na nimekwisha kumwombea viza kwa kutumia kadi yangu ya ukaazi. Mwenzangu kazini ananiambia kwamba hati ya mshahara wa mwisho wa Desemba inatosha, na kwamba ipo ofisi inayokupa marejesho yako, yaani kodi uliyokatwa kupita kiasi, siku hiyo hiyo. Mwingine ananishauri nitulie hadi Aprili, kwa sababu anayewahi kuwasilisha ndiye anayewahi kulipa. Naomba mnielekeze.

———

Marahaba, mdogo wangu, na karibu sana.

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikijitolea katika mpango wa VITA, ulioanza mwaka 1969, ambao huwasaidia bure watu wenye kipato cha chini na cha kati kujaza ritani zao, mara nyingi katika maktaba na kumbi za jamii. Nimeona kwamba ndugu zetu wanaokuja Februari hupata nafasi ya kutafuta karatasi iliyopotea na kurudi wiki inayofuata, ilhali wanaokuja tarehe 14 Aprili huwasilisha kile walichonacho mkononi, kikiwa sahihi au kikiwa na kasoro.

Nianze na hofu ya huyo mwenzako wa pili, kwa kuwa wengi wanayo. Kuwahi kuwasilisha si kuwahi kulipa. Ukiwasilisha ritani tarehe 5 Februari na ikaonekana kwamba unadaiwa, siku ya mwisho ya kulipa inabaki kuwa ile ile, 15 Aprili, na hapo katikati una miezi miwili ya kudunduliza au kuomba mpango wa kulipa kwa awamu. Kwako wewe jambo hili lina uzito, kwa sababu mapato ya kupeleka vyakula hayakatwi kodi na mtu yeyote. Faida yake halisi ikifika dola 400 kwa mwaka, unalazimika kulipa kodi ya kujiajiri, ambayo kiwango chake ni asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato yenyewe. Nimemwona mtu akiijua habari hii mezani kwangu siku moja kabla ya mwisho, akiwa ametuma nyumbani akiba yake yote wiki iliyotangulia. Na kama fedha hazipo kabisa, wasilisha hata hivyo: faini ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi hadi kufikia asilimia 25, na ya kutolipa ni nusu asilimia tu kwa mwezi. Anayeomba kuongezewa muda hadi 15 Oktoba ameongezewa muda wa kuwasilisha peke yake. Wa kulipa haukuongezwa.

Hata hivyo, mapema ninayoisema mimi si ile ya mwenzako wa kwanza. Mwajiri ana hadi 31 Januari kukupa fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa, na aliyekulipa kama mkandarasi ana hadi siku hiyo hiyo kukupa 1099-NEC, inayoonyesha alichokulipa. Hati ya mshahara wa Desemba haishiki mahali pa W-2, na mtayarishaji anayetuma ritani kwa kuitegemea hati hiyo anakiuka kanuni za IRS, idara ya kodi ya serikali kuu. Kama bima yako ya afya uliinunua kupitia soko la serikali, usiwasilishe kabla hujapata fomu ya 1095-A, kwa kuwa ruzuku uliyopewa lazima ilinganishwe na kipato chako halisi. Ikiwa kampuni ya programu haikukutumia fomu yoyote, mapato hayo bado yanatakiwa kuandikwa; pia tafuta kumbukumbu za maili ulizoendesha ukiwa kazini, maana ndizo zitakazopunguza kodi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Ipo sababu nyingine ya kutochelewa, nayo ninaisema kwa uchungu kwa kuwa ilinifika. Mwaka wangu wa nne hapa nchini niliwasilisha ritani katikati ya Aprili kwa njia ya mtandao, ikakataliwa kwa dakika chache, kwa sababu mtu nisiyemjua alikuwa amekwisha kutumia namba yangu ya Hifadhi ya Jamii kudai fedha kwa jina langu. Ikanibidi nijaze kiapo cha kuibiwa utambulisho, yaani Fomu 14039, na kutuma ritani yangu ya karatasi kwa posta, huku karo ya mdogo wangu niliyokuwa nimeipangia fedha hizo ikinisubiri. Mfumo unapokea ritani moja tu kwa kila namba, hivyo mwizi akitangulia, wewe mwenye haki ndiye unayeonekana wa pili. Tangu hapo huwa ninawasilisha mara tu karatasi zangu zinapotimia, na kila Januari ninachukua kwenye tovuti ya IRS namba ya ulinzi ya tarakimu 6, inayobadilika kila mwaka. Ukishaichukua, ritani yako ya mtandaoni isiyo na namba hiyo haipokelewi. Siku hizi mtu yeyote anayeweza kuthibitisha utambulisho wake anaruhusiwa kuichukua, na ninawasihi nyote mfanye hivyo.

Kuhusu ofisi inayotoa fedha siku hiyo hiyo: fedha hizo ni mkopo, na dhamana yake ni marejesho yako. Ritani iliyotumwa kwa mtandao, yenye namba sahihi ya akaunti yako ya benki, kwa kawaida hurejeshewa fedha ndani ya siku 21. Wenye watoto wanaodai nafuu ya kipato cha kazi au nyongeza ya nafuu ya mtoto wajue kwamba sheria ya mwaka 2015 inazuia fedha zao zisitolewe kabla ya katikati ya Februari, hata wakiwasilisha siku ya kwanza ya msimu. Mtayarishaji wa kulipwa anapaswa kutia sahihi na kuandika namba yake ya utambulisho. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke. Na akikushawishi uandike wazazi au wapwa walioko Tanzania kuwa wategemezi wako, mkatalie. Mtegemezi anatakiwa awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Kanada au Meksiko, na fedha tunazowatumia wazazi wetu, ingawa ni wajibu wetu, hazipunguzi kodi ya huku hata senti moja.

Jambo lako kubwa zaidi ni ndoa. Uliyekuwa na ndoa tarehe 31 Desemba huwezi kujiandika kuwa huna ndoa, hata kama mwenzi wako yuko ng'ambo. Una njia mbili: kuwasilisha peke yako kama mwanandoa, au kuwasilisha pamoja na mumeo kwa kuchagua atendewe kama mkaazi. Njia ya pili mara nyingi hupunguza kodi, lakini mapato yake ya Morogoro nayo yataingia humo, na yeye atahitaji namba ya mlipa kodi, inayoombwa kwa Fomu W-7 ikiambatana na ritani yenyewe pamoja na pasipoti yake halisi au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Maombi hayo huchukua wiki 7, na kati ya 15 Januari na 30 Aprili yanaweza kufika wiki 9 hadi 11. Hebu piga hesabu ya muda wa pasipoti kusafiri, na utaona kwa nini ninakwambia uanze sasa.

Dada yako wa Columbus

———

Nashukuru sana, dada, na Mungu akuzidishie.

Umenigusa mahali nilipokuwa ninaogopa kuuliza. Mwaka jana mtu niliyemlipa anijazie aliandika kwamba sina ndoa, na mimi nikatia sahihi bila kuelewa. Tulikuwa tumefunga ndoa miaka mitatu kabla. Je, ninyamaze tu na kuandika ukweli kuanzia mwaka huu?

———

Usinyamaze, mdogo wangu, wala usijilaumu kupita kiasi, kwa kuwa kosa hili ninakutana nalo karibu kila msimu, na linarekebishika.

Ritani ya mwaka jana hurekebishwa kwa Fomu 1040-X. Ukisubiri hadi uulizwe, utakuwa unajieleza. Ukirekebisha mwenyewe sasa, karatasi zitakuwa zimekwisha kueleza kwa niaba yako. Faili la viza ya mumeo litakapofika hatua ya kuahidi kumtunza, yaani Fomu I-864, utatakiwa kuambatisha ritani yako ya karibuni zaidi au muhtasari wake kutoka IRS, na afisa atakayelisoma atakuwa na cheti chenu cha ndoa mbele yake. Kama marekebisho yataonyesha kwamba unadaiwa, riba huhesabiwa tangu siku kodi ilipopaswa kulipwa, kwa hiyo kila mwezi unaopita una gharama yake. Kama yataonyesha kwamba ulilipa zaidi, kwa kawaida una miaka 3 tangu ulipowasilisha kudai fedha zako.

Vituo vya VITA haviko sawa: vingine hurekebisha ritani za nyuma na kushughulikia W-7, vingine havifanyi hivyo, kwa hiyo uliza mambo hayo mawili unapopiga simu kuweka miadi. Miadi ya Februari hujaa haraka. Siku hiyo chukua kitambulisho chenye picha, kadi yako ya Hifadhi ya Jamii, W-2, taarifa zote za ile programu ya vyakula, ritani ya mwaka jana pamoja na kurasa zake zote, cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti ya mumeo. Nakala hiyo ni ya kutuwezesha kuandika jina lake sawasawa. Pasipoti yenyewe asiitume kwanza, hadi tujue kama mtawasilisha pamoja.